Sentensi Tano Kabla ya Jembe

Mimi ni mtu wa hasira. Nalisema mapema usije ukashangaa huko mbele. Siku hizi walimu vijana wakinisifia kwamba nina nidhamu, kwamba kila siku iendayo kwa Mungu nilisoma Kiingereza bila kukosa, huwa nacheka moyoni. Nidhamu gani? Ilikuwa hasira, na hasira ilipopoa ikabaki hofu ya mama mkwe.

Nilikuwa mwalimu wa UPE. Wenye umri wangu wanajua maana yake. Ulimaliza darasa la saba, ukachaguliwa hapo hapo kijijini, ukafundishwa ualimu huku unafundisha, kwa masomo ya redio na madaftari, kwa sababu nchi ilitaka kila mtoto asome na walimu hawakutosha. Nilianza kazi nikiwa msichana mbichi, na kusoma, kuandika na kuhesabu niliwafundisha watoto sawasawa. Ukienda leo huko Matiri nilikofundisha ukamwona baba mzima anaandika barua bila kukosea, huenda mkono ule niliushika mimi. Lakini ratiba ilikuwa na kipindi cha Kiingereza, na Kiingereza chenyewe sikukijua. Nilijua majina ya vitu vilivyochorwa kitabuni. Nilinyoosha kidole kwenye picha ya ng'ombe, nikamtaja, watoto wakaitikia mpaka bati likalia. Tulikwenda hivyo miaka na miaka, na mimi nikajiona nafundisha.

Ikafika miaka ya tisini, mambo yakafunguliwa. Zamani kahawa yetu ilikuwa na mnunuzi mmoja, sasa wanunuzi binafsi walipanda milima na pikapu zao, kila mmoja na mizani yake na maneno yake matamu. Mitumba ikajaa gulioni. Dawa za kahawa zikaja zimeandikwa Kiingereza kitupu. Mjini Mbinga ikasikika kwamba itafunguliwa shule ambayo mtoto anaanza kuongea Kiingereza tangu chekechea, na wazazi wenye mibuni mingi wakaanza kuniangalia kwa jicho la kupima, kama mtu anayetazama jembe lililolika.

Ndipo akaja mkaguzi wa shule. Alikuwa mwanamume mpole, viatu vimejaa tope la njiani. Aliketi nyuma ya darasa langu la tatu akanisikiliza nikitaja ng'ombe, mbuzi, kuku. Kisha akasimama, akatabasamu, akaniuliza swali kwa Kiingereza. Swali refu. Lilipanda, likashuka, likakata kona, likaisha. Mpaka leo sijui aliniuliza nini. Nikajibu kwa neno moja nililokuwa na hakika nalo: ndiyo. Akanitazama. Akauliza tena, kwa ufupi zaidi. Nikajibu ndiyo, na safari hii nikaongeza bwana.

Darasa zima likapiga makofi. Wee! Watoto wangu walikuwa hawajawahi kumwona mwalimu wao akizungumza Kiingereza na mtu ana kwa ana. Wengine walisimama juu ya madawati wapate kuona vizuri. Mkaguzi hakuwanyamazisha. Alisubiri kengele, akanitoa nje, akaniambia kwa Kiswahili, taratibu, kama mtu anayetoa pole msibani: "Mwalimu, hawa watoto wanakuamini."

Basi, ni hilo tu. Angenitukana ningemjibu, na ningemjibu vizuri, maana kwa mdomo sijawahi kushindwa. Lakini hakunitukana. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Kama hilo halikutosha, wiki chache baadaye mwalimu mkuu akatukusanya. Walimu wa daraja letu, tulioishia darasa la saba, tulipewa muda tufanye mtihani wa kidato cha nne. Atakayefaulu atakwenda kujiendeleza na kubaki kazini. Atakayeshindwa arudi nyumbani akalime. Masomo mengine sikuyaogopa. Kiswahili, historia, hata hesabu, ningejikongoja. Kiingereza ndicho kilichokuwa kimesimama mlangoni, na bila kukipita hicho ningevuliwa ualimu.

Ngoja nieleze ualimu ulikuwa nini kwangu. Nilipoolewa kwenye mlima ule, mama mkwe wangu alinipokea mbele ya ukoo mzima kwa maneno haya: "Mmeniletea mwalimu. Mimi niliomba mtu." Alitaka mkamwana wa kulima. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, hajakanyaga shule, Kiswahili chake cha kuombea maji tu, na maneno yake yote nitakayoyataja aliyasema kwa Kimatengo. Tangu siku ile nililima kama punda ili asinione mvivu, na nilifundisha kwa kujivuna ili aone kwamba mwalimu naye ni mtu. Sasa fikiria nirudi kwake nimefukuzwa kazi. Bora nihamie ng'ambo ya ziwa.

Mlima wetu hauna tambarare hata ya kutandika mkeka. Kwa hiyo Wamatengo tunalima ngoro. Nyasi zinafyekwa, zikikauka zinalazwa kwa mistari inayokatana, mlima mzima unakuwa miraba miraba. Kisha unachimba udongo katikati ya kila mraba na kuzifukia zile nyasi. Katikati panabaki shimo, mvua ikinyesha maji yanatulia humo, udongo hauendi mtoni. Maharage tunapanda kwenye kingo. Kufyeka na kulaza nyasi ni kazi ya wanaume. Kuchimba ni yetu, wanawake.

Tulikuwa wanawake watano tunaochimba pamoja: mama mkwe, mimi, na wake watatu wa mashemeji zangu. Mmoja wao alikuwa Mnyasa, ametokea chini huko ziwani upande wa Liuli, mcheshi, mwenye cheko la kusikika mlima wa pili. Wale wawili wengine waliishi kwa kumfuata yeye. Akicheka wanacheka, akizomea wanazomea. Tulichimba leo kwa huyu, kesho kwa yule, kila siku alfajiri mpaka mimi nikimbilie shuleni.

Asubuhi moja ya mwezi wa tatu nililipuka. Nilitupa jembe chini nikawaambia yote, mkaguzi, makofi ya watoto, mtihani, na nikalia kwa hasira, ile ya makamasi. Wenzangu wakasimamisha majembe. Mama mkwe akaendelea kuchimba mpaka akamaliza shimo lake. Ndipo akauliza:

"Hicho Kiingereza, mtu anakijua kwa kufanya nini?"

"Kwa kusoma kila siku, mama. Na kwa kukisema. Mimi sina wa kusema naye."

"Sisi hatuna masikio?"

"Mama, nyinyi hamkijui!"

"Nimeuliza kama hatuna masikio." Akajiegemeza kwenye mpini. "Kila asubuhi, kabla hujagusa jembe, utasema. Mara ngapi zinatosha? Tano? Haya, mara tano. Halafu utuambie maana yake. Siku usiposema, utachimba ngoro tano kwenye shamba langu, peke yako, kule kwenye mwinuko."

Kule kwenye mwinuko hata mbuzi walikuwa wanafikiria mara mbili. Mnyasa akaangua kicheko. "Mwalimu leo kapata mwalimu!"

Nilikasirika, nikasema haya, kesho mtaona. Na usiku ule sikulala vizuri kwa kutafuta maneno. Kulipopambazuka nilisimama juu ya tuta, ukungu umetuzunguka, nikasema sentensi zangu tano za kwanza kwa Kiingereza changu cha kubabaisha: Leo kuna baridi. Jembe langu ni la zamani. Maharage yako chunguni. Mama mkwe wangu ananitazama. Ninaogopa.

Nikawatafsiria. Kwenye ile ya nne wakacheka. Kwenye ile ya tano wakacheka zaidi, isipokuwa mwenyewe mama mkwe, ambaye alitikisa kichwa mara moja na kusema, "Chukua jembe."

Wiki ya kwanza nilipita. Siku ya nane nikasimama na kusema tena leo kuna baridi, maana kweli kulikuwa na baridi. Mnyasa akapaza sauti: "Hiyo ya zamani!" Wale wawili wakadakia: "Ya zamani! Ya zamani!" Nikabisha. Nikawauliza wamejuaje, na Kiingereza hawakijui. Mnyasa akaniiga, sauti yangu, pua yangu, pumzi yangu, sentensi nzima kama nilivyoisema siku ya kwanza. Kumbe watu wasiosoma wana sikio, jamani. Kisichoandikwa wanakihifadhi. Mama mkwe akahukumu: sentensi iliyokwisha kusemwa haihesabiki, na kila moja inayopungua ni ngoro moja. Nilichimba ngoro yangu ya adhabu kwenye mwinuko, nimeshikilia kisiki kwa mkono mmoja nisibingirike, na nikaenda shuleni na matope mpaka magotini.

Hapo ndipo masomo yalipoanza kweli. Maneno niliyoyajua yaliisha kama unga wa kuazima. Ikanibidi nitafute mapya kila siku, nipende nisipende, mvua jua. Niliuza maharage nikanunua kamusi kuukuu gulioni Mbinga, haina jalada, imeanzia herufi ya B. Maneno yote ya A niliyaokota kwingine. Muda wangu wa kusoma ukawa ule ambao maharage yako jikoni. Anayepika maharage makavu juu ya mafiga anajua muda huo ni mrefu kiasi gani. Nikishateleka jioni, nafungua kitabu. Yakiiva, nafunga. Sikuongeza wala sikupunguza. Wanangu walijifunza kwamba chungu kikiwa motoni mama haulizwi kitu. Mara mbili yaliungua. Mume wangu, mtu wa maneno machache, alikula yaliyoungua akasema, "Leo umesoma sana," akanawa mikono.

Nikaanza kuona Kiingereza mahali ambapo zamani niliona michoro tu. Mama mkwe alikuwa na sweta la mtumba, la buluu, zito, aliloliheshimu kuliko nguo zake zote. Alilivaa kanisani na shambani. Kifuani lilikuwa na maandishi. Asubuhi moja nikayasoma, nikasita, nikayasoma tena. Yalisema kwamba mvaaji ni bingwa wa shule wa kuogelea. Mama mkwe alikuwa hajawahi kuingia kwenye maji yaliyopita vifundo vya miguu. Nilipotafsiri, Mnyasa wetu, mtoto wa ziwani, alikaa chini kabisa kwenye tope kwa kicheko. "Mama! Twende ziwani Mbamba Bay ukatuonyeshe!" Mama mkwe alijitazama kifuani, akanyoosha sweta, akasema, "Kama limeandikwa, limeandikwa." Aliendelea kulivaa, na nadhani tangu siku ile alilivaa kwa maringo.

Siku nikaziona zinapita. Ngoro ikaisha, kahawa ikaiva, nikawa nasema sentensi zangu katikati ya mibuni kabla sijafunga kikapu kiunoni. Msimu ule adhabu ilikuwa kumchumia mama mkwe debe zima. Jumapili nilizisema njiani tukienda misa. Ilikuwa ruhusa kusema kitu chochote, na mimi nilikuja kugundua raha ambayo sijaisahau. Niliweza kumsengenya mtu mbele ya uso wake. Nilisema kwa Kiingereza kwamba mke wa shemeji yangu mdogo anachuma kahawa mbichi, kwamba Mnyasa anakula sana, kwamba mama mkwe anakoroma kanisani. Ubaya ni kwamba sheria ilinitaka nitafsiri, na nilitafsiri. Uongo nilikuja kuuonja mara moja tu baadaye, ukanitokea puani.

Nieleze hilo la uongo, ingawa si la kujivunia. Ulikuwa mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, ngoro zimeanza tena. Mwanangu wa mwisho alikuwa na homa siku tatu, chungu nilikiteleka bila kufungua kitabu, na alfajiri nilijikuta nimesimama juu ya tuta sina kitu kichwani. Basi nikabuni. Nilipeperusha ulimi, nikatoa sauti za kizungukizungu, nikakata, nikavuta puani, moja, mbili, mpaka tano. Nikajitungia na tafsiri: mvua itanyesha, mtoto anapona, na kadhalika. Wale watatu wakaridhika. Mnyasa hata akasema za leo tamu.

Mama mkwe alikuwa ameinama. Akasema bila kuinua kichwa: "Hicho hakikuwa Kiingereza."

Mdomo wangu, kama kawaida yake, ukatangulia. "Mama, tangu lini unajua Kiingereza?"

"Sikijui. Nakujua wewe. Ukitafuta neno la kweli unakunja uso kama mtu anayetoa mwiba. Leo uso wako ulikuwa umetulia."

Ningesema samahani yangeisha. Badala yake nikafoka. Nilimwambia mambo ya kumwambia mtu wa rika lako, siyo mama wa mume wako: kwamba yeye hajui shida ya kusoma, kwamba ananifanyia mzaha, kwamba tangu siku ya kwanza hanitaki. Nikatupa jembe, likabingirika mlima mzima mpaka kijitoni. Siku tatu sikwenda kuchimba nao. Siku tatu nilipita njia ya chini kwenda shuleni nisionane naye, na jioni niliteleka maharage nikayatazama yakichemka. Kitabu sikufungua. Siku ya tatu nikiwa darasani nilinyoosha kidole kwenye picha ya ng'ombe, watoto wakaitikia kwa nguvu zao zote, na nikayasikia tena yale maneno: wanakuamini. Nilishindwa kuendelea na kipindi. Niliwapa kazi ya kuchora.

Asubuhi ya nne nilipanda. Jembe langu lilikuwa limesimamishwa kwenye mti, limeoshwa, limetiwa mpini mpya. Kule kwenye mwinuko, ardhi iliyokuwa tupu ilikuwa imelazwa nyasi, miraba imenyooka kama daftari la hesabu. Nikaihesabu. Ishirini. Tano za siku ya uongo na tano tano za siku tatu nilizonuna.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Nilijua utarudi," akasema, "ndiyo maana nimekulazia nyasi."

Mzee wa watu, na magoti yale, alikuwa amepanda mwinuko ule na mafungu ya nyasi kichwani, kazi ambayo wala si ya wanawake. Niliomba msamaha, nikilia tena, na safari hii haikuwa hasira. Alinijibu nisimlowanishie maharage. Nilichimba zile ishirini kwa siku nne, na kila siku nikasema tano zangu juu yake, za kweli, nikiwa nimekunja uso. Tangu hapo sikukosa tena. Nasema hivi kwa kinywa kipana: kutoka mwezi ule wa pili mpaka siku ya mtihani, mwezi wa kumi na moja, sikukosa hata siku moja. Siku tuliyozika baba yangu mzazi nilisema tano njiani kurudi, fupi fupi, na wale wanawake hawakudai tafsiri.

Mtihani tuliufanyia Mbinga mjini. Kabla sijapanda lori lililokuwa limepakia kahawa, mama mkwe alisimama barabarani na sweta lake la kuogelea akadai zake. Nilizisema mbele ya utingo na abiria wote, sioni haya. Chumba cha mtihani kilijaa vijana ambao kwa umri ningeweza kuwazaa. Mmoja alinisalimia shikamoo akanipisha, akidhani mimi ndiye msimamizi. Nikafungua karatasi. Kulikuwa na insha, uchague mwenyewe, na moja ilitaka ueleze kazi unayoifanya nyumbani. Lo! Niliinua macho nikatazama dari ili nisicheke. Kufyeka, kulaza nyasi, kuchimba, kufukia, mwinuko, kisiki, tope, jembe linalobingirika mpaka kijitoni: hapakuwa na neno la kazi ile ambalo nilikuwa sijalisema kwa sauti, juu ya tuta, mbele ya mahakimu wanne. Niliandika mpaka karatasi ikaisha nikaomba nyingine.

Matokeo yalikuja wakati wa ngoro. Nilisikia jioni kwamba yamebandikwa, na alfajiri sana nikaondoka kwenda mjini bila kumuaga mtu. Nilivaa gauni langu la Krismasi na viatu vya kufunika. Ubaoni palikuwa na msongamano, nikapenya kwa viwiko. Nilitafuta namba yangu kwa kidole, nikaipata, nikafuata mstari mpaka kwenye Kiingereza. Nimefaulu! Nimefaulu, tena vizuri, kuliko hata hesabu. Niliusoma mstari ule mara tatu, nikamshika mkono mtu nisiyemjua nikamtingisha. Nilitaka kumtafuta yule mkaguzi nimjibu lile swali lake, lolote lililokuwa. Nikaambiwa kahamishwa mbali. Nilikasirika kidogo hapo, kwa heshima ya kazi.

Nilirudi alasiri. Wenzangu walikuwa shambani, ngoro za mama mkwe, kule kule kwenye mwinuko. Sikupita hata nyumbani. Nilipanda na gauni langu na viatu vyangu, nikipiga vigelegele tangu chini, na Mnyasa akanijibu kutoka juu, na wale wawili wakaja mbio wakanikumbatia kwa mikono yenye udongo. Nikasimama mbele ya mama mkwe nikihema.

"Mama, nimefaulu. Kiingereza nimefaulu. Nabaki kazini."

Alinitazama kuanzia viatu mpaka kichwani.

"Nimesikia kelele," akasema. "Za leo ziko wapi?"

"Za leo nini, mama?"

"Umeondoka alfajiri hujasema. Za leo ziko wapi?"

Nikacheka. Nikamwambia mtihani umekwisha, nimefaulu, nimemaliza. Akasema amesikia kwamba mtihani umekwisha. Hajasikia kwamba siku imekwisha. Nikafungua mdomo nitoe tano za haraka, na, naapa, sikupata hata moja mpya. Furaha ilikuwa imenifagia kichwa chote. Nilisimama pale nimekunja uso, mwalimu aliyefaulu, na neno haliji.

Nikavua viatu. Nikapandisha gauni, nikalifunga kiunoni, nikachukua jembe la Mnyasa. Nilikuwa nimeshapiga la kwanza mama mkwe aliposema, "Ngoja."

Akaweka jembe lake chini. Akapangusa mikono kwenye lile sweta, akasimama wima juu ya tuta, mahali pale nilipozoea kusimama mimi, akakunja uso kama mtu anayetoa mwiba. Na kwa Kiingereza, kizito, cha Kimatengo, kilichonyooka, akasema: Leo kuna baridi. Akavuta pumzi. Jembe langu ni la zamani. Maharage yako chunguni. Mama mkwe wangu ananitazama. Ninaogopa.

Hakuwahi kuniambia. Miaka miwili ile alikuwa amezishika, za siku ya kwanza, zote tano, kwa mpangilio wake.

"Za leo nimemsemea mimi," akatangaza. "Asichimbe."

Machozi yalikuwa yananishuka mpaka kidevuni. Mnyasa ndiye aliyeniokoa, na Mungu ambariki kwa hilo. Alishika kiuno, akainua kidole juu, akapiga kelele mpaka mlima wa pili:

"Hizo za zamani!"

"Za zamani! Za zamani!" wakadakia wale wawili.

Mama mkwe akawatazama mmoja mmoja. Sheria ilikuwa yake mwenyewe. Akaanza kucheka, mara ya kwanza kumwona akicheka mpaka akashika mbavu, kisha akainama, akaokota jembe lake, akashuka polepole kwenye mwinuko mpaka mraba uliofuata wangu. Tukachimba zile tano pamoja, mimi na gauni la Krismasi, yeye na sweta la bingwa.